Siku Shangazi Alipoiacha Deki Akashika Njia

Shangazi yangu alipiga deki katika ofisi ya mapokezi ya hifadhi ya ziwa kwa miaka kumi na mmoja bila kuweka mguu kwenye njia hata moja ya wageni. Si kwamba alikatazwa. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, akafagia, akapiga deki, akafuta vioo, akaosha vyoo, na saa nane mchana akapanda baiskeli yake kurudi nyumbani. Njia zilianzia hatua ishirini tu kutoka mlango wa nyuma, pale pale alipokuwa akimwaga maji machafu. Alimwaga, akageuka, akarudi ndani. Ukimuuliza, alisema hakuona sababu ya mtu mzima kuzunguka porini halafu arudi alikoanzia mikono mitupu.

Njia zenyewe si za kumtoa mtu roho. Ziko tatu: ya Matete, ya Ufukoni na ya Kilimani, na hiyo ya Kilimani kilima chake ni cha jina tu, mtoto wa chekechea anakipanda huku anakula biskuti. Shangazi alizijua kwa macho, maana ramani kubwa ilitundikwa ukutani nyuma ya kioo, na kioo hicho alikifuta kila siku ya Mungu. Pia alizijua kwa tope. Wageni walikuwa wakirudi na viatu vyao moja kwa moja juu ya sakafu ambayo haijakauka vizuri. Waliotoka Matete waliacha tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza. Waliotoka Ufukoni waliacha mchanga. Wa Kilimani waliacha udongo mwekundu unaoganda kama rangi. Akifika kwetu Jumapili alituambia kwamba yeye akiitazama sakafu tu anajua nani katoka wapi, nasi tukacheka, kwa sababu mumewe, fundi baiskeli, alikuwa anamwigiza nyuma yake akiinusa sakafu.

Basi, Jumanne moja ya msimu wa mvua likaja basi dogo na wazee kumi na wawili waliostaafu kazi ya reli. Walikuwa wameandika barua mwezi mzima kabla, wakaomba wapelekwe njia ya Matete. Walishuka na fimbo zao, kofia zao na chupa zao za maji, wanacheka kama wanafunzi siku ya kufunga shule. Aliyewaongoza alikuwa mama mrefu, aliyekuwa mkuu wa stesheni enzi zake, na hata sasa wenzake walimwita hivyo hivyo, Mkuu wa Stesheni. Shingoni alining'iniza filimbi.

Sasa, asubuhi hiyo hiyo mwongozaji wa pekee wa hifadhi alipiga simu kusema kateleza akishuka kwenye pikipiki, kifundo cha mguu kimevimba, hawezi hata kuvaa kiatu. Mkuu wa hifadhi alikuwa mkutanoni mjini na simu yake haipatikani. Akabaki dada wa tiketi, ambaye hawezi kuliacha dirisha. Naye aliijua kanuni kwa moyo: kundi linalozidi watu kumi haliingii bila mtumishi wa hifadhi. Akawaeleza wageni kwa upole kwamba itabidi warudi siku nyingine. Mmoja wao, babu mwembamba aliyekuwa dereva wa treni, akakaa kwenye benchi na kuanza kufungua kamba za viatu vyake taratibu, kama mtu aliyekwisha kata tamaa.

Shangazi alikuwa kaegemea mti wa deki pale kando. Hadi leo anasema kilichomchoma ni zile kamba. Viatu vilikuwa vipya, alama ya bei bado imebandikwa kwenye soli.

"Nitawapeleka mimi," alisema.

Dada wa tiketi alidhani hakusikia vizuri. Akamwuliza kama amewahi kufika huko hata siku moja. Shangazi akakiri kwamba hajawahi. Halafu akakivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya kaunta.

"Nisomee hapo, mwanangu. Kimeandikwa nini?"

Kilikuwa kimeandikwa "Mtumishi wa Hifadhi". Hakikusema mtumishi wa nini. Dada wa tiketi akakitazama kitambulisho, akawatazama wazee, akamrudishia, akasema kwa sauti ya chini kwamba unga ukimwagika, utamwagika wa watu wawili.

Shangazi hakutaka kuwahadaa wageni. Aliwaambia waziwazi kwamba yeye ni mpiga deki, kwamba ramani anaijua kuliko sura ya mumewe, na kwamba njia yenyewe ataiona leo kwa mara ya kwanza pamoja nao. Nani yuko tayari? Mkuu wa Stesheni akawageukia wenzake, akaona viatu vinafungwa upya, akapuliza filimbi mara moja. Safari ikaondoka.

Hapo ndipo Shangazi akisimulia huwa anasimama, hawezi kukaa kitini. Anasema hatua mia za kwanza moyo ulimdunda mpaka akaogopa wageni watausikia. Njia iliingia kati ya matete marefu kuliko mtu, yakafunga pande zote mbili, ikawa kama kutembea ndani ya ukuta unaopumua. Kisha likaja daraja la mbao lililojengwa juu ya kinamasi, mbao moja moja, na chini yake maji meusi yenye vyura wadogo kama kucha. Kila alipokanyaga, ubao ulilia, na nyuma yake ubao ukalia mara kumi na mbili. Ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu akachomoka mbele ya pua yake, akapiga mbizi, akatoka na samaki. Shangazi akasahau kabisa kwamba yeye ndiye mwongozaji.

"Mmemwona?" akawauliza. "Jamani, mmemwona huyo?"

Walikuwa wamemwona. Walikuwa wameshikana mikono kama watoto.

Baada ya daraja njia ikagawanyika. Hapo ilipaswa kuwepo nguzo yenye alama ya njano, na nguzo ilikuwepo kweli, lakini mvua ilikuwa imeiangusha, imelala kifudifudi, haielekezi kokote. Kwenye ramani panda ile ilikuwa mstari mwembamba tu. Hakukumbuka kama Matete inakwenda kushoto au kulia. Wazee wakamtazama. Shangazi anasema jasho lilimtoka hadi kwenye nyayo. Akajikaza. Akapiga hatua tatu kushoto, akainama, akaokota udongo, akausugua kati ya vidole. Mwekundu. Akaenda kulia, akaokota tena. Mweusi, na ule uvundo wa majani yaliyooza ukampanda puani, uvundo aliousugua kwa sabuni miaka kumi na mmoja. Akacheka peke yake.

"Kulia," alisema. "Kushoto kunakwenda Kilimani."

Babu dereva wa treni akataka kujua amejuaje. Akamweleza habari za sakafu. Yule babu akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili, kisha akatangaza kwa wenzake kwamba katika miaka thelathini na minne ya kazi hajawahi kuona reli inayonuswa.

Wakaenda kulia, mdogo mdogo, huku Mkuu wa Stesheni akihesabu vichwa kila kona. Njia ikatoka kwenye matete ghafla, na ziwa likawa mbele yao, lote. Shangazi alizaliwa mwendo wa nusu saa kutoka ziwa hilo. Alikuwa amelitazama kutoka barabarani maisha yake yote, bati tambarare la kijivu nyuma ya miti. Hakujua kwamba ukilisogelea lina rangi nne. Hakujua kwamba lina sauti ndogo ya kulamba mawe. Alisimama pale, kitambulisho kimepinda shingoni, na glavu moja ya mpira bado iko mfukoni, nusu imetoka.

Ndipo babu dereva akamgusa begani na kumwonyesha kwa kidevu. Hatua kama kumi na tano kutoka pale walipo, juu ya jiwe pana, walikuwepo fisi maji watatu. Mama na watoto wawili. Mama alikuwa ameshika samaki kwa mikono miwili, anamtafuna kuanzia kichwani kama mtu anayekula muhindi, na watoto wanamparamia mgongoni wanataka na wao. Mmoja akateleza, akaanguka majini, akapanda tena, akateleza tena. Watu kumi na watatu hawakupumua. Mkuu wa Stesheni alikuwa ameziba filimbi yake kwa kiganja, kana kwamba inaweza kulia yenyewe. Wanyama wale wakakaa dakika nzima, labda mbili, kisha mama akainua kichwa, akawatazama moja kwa moja, akaingia majini na watoto nyuma yake, maji yakafunga.

Hapo wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Walirudi baada ya saa mbili na nusu, kwa njia ambayo ubao wa mapokezi unasema ni ya saa moja. Mkuu wa hifadhi alikuwa amerudi kutoka mjini. Alikuta ndoo katikati ya sakafu, deki imesimama ndani yake, na dada wa tiketi anatafuna kucha. Shangazi akaingia na viatu vyake vimejaa tope jeusi, akaikanyaga sakafu yake mwenyewe bila kuiona, akaanza kumsimulia mkuu habari za fisi maji kabla hata ya kusalimia. Mkuu akamwacha amalize. Kisha akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwamba kama babu mmoja angetumbukia kwenye kinamasi, wangekuwa wanaongea mambo mengine sasa hivi. Shangazi alikubali kosa. Alisema wazi kwamba alistahili kusemwa.

Lakini nje, wazee wa reli walikuwa wamepanga foleni kwenye kitabu cha wageni. Waliandika kurasa tatu. Mkuu alizisoma wamesimama pale pale wanamngoja, na mwisho Mkuu wa Stesheni akamwuliza ni lini yule mama ana nafasi tena, maana wana tawi jingine la wastaafu, watu ishirini. Mkuu wa hifadhi alijibu wiki iliyofuata. Alimpeleka Shangazi kwenye mafunzo ya waongozaji, ya miezi mitatu, awe anajifunza mchana baada ya deki.

Hayakuwa mchezo. Shangazi aliishia darasa la saba, na kule kulikuwa na huduma ya kwanza, majina ya ndege, na mtihani wa kuandika. Mumewe alimsomea maswali karakanani huku anaziba pancha. Mara ya kwanza alifeli majina ya ndege. Alilia siku moja, siku ya pili akaomba kurudia. Mara ya pili alipita, na cheti akakileta kwetu mikononi mwake mwenyewe, hataki kikunjwe.

Siku hizi anaongoza siku nne kwa wiki. Ana buti, ana kofia, na ana sauti ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa anapiga deki. Wazee wa reli huja kila robo mwaka.

Njia ile ya Kilimani aliiacha makusudi iwe ya mwisho, na mara ya kwanza hakutaka kwenda na wageni. Alikwenda na mumewe Jumapili asubuhi. Mimi nilikuwa dukani kwangu napanga madaftari simu ilipoita. Alikuwa Shangazi, anahema, na upepo unapiga kwenye simu mpaka maneno yanakatika. Aliniambia wako juu, kwamba kutoka pale unaliona ziwa mwanzo hadi mwisho, na kwamba ndege weupe wameruka wote kwa mkupuo, hana namba ya kunitajia. Nilimwuliza mjomba, mumewe, yuko wapi.

"Anakimbia," alisema. "Mjomba wako huyu, mwanangu, na goti lake lile! Ameshuka mbio anataka kuwaona wakitua. Funga duka uje."

Nilifunga.