Kutu ya Behewa la Baba

Nakumbuka asubuhi moja hapa Mazwi, baridi ya Ufipa imekaza mpaka umande unauma miguu, nami nimechuchumaa uani nakwangua kutu kwenye jembe bovu. Mwanangu, sikuwa na wazimu, ingawa jirani aliyepita alinitazama hivyo. Nilikuwa natengeneza treni, na moyo ulinidunda kama naenda kuolewa.

Treni Sumbawanga? Cheka tu. Reli haijafika hapa, lakini baba yangu alikuwa mtu wa reli. Ujana wake wote uliishia stesheni ya Mpanda, akiunganisha mabehewa na kuyaachanisha. Ikaja ile miaka ya ruksa. Madukani vitu vikajaa, makazini watu wakapunguzwa. Baba akarudi na sanduku moja, akakaa kibarazani. Ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula, basi. Kama huyo baba yako unayeniambia hasemi tangu astaafu. Miezi ikapita, nikaogopa kwamba tutamzika akiwa bado anapumua.

Nikajisemea, huyu nitamletea behewa lake. Nikakata makopo ya mafuta ya kupikia, nikayakunja, magurudumu nikayachonga kwa kandambili iliyokatika. Likatoka behewa la mizigo, tena milango yake inafunguka. Tatizo lilikuwa linang'aa mno, na yale niliyoyaona Mpanda yalikuwa na kutu. Ndiyo maana nikakwangua lile jembe, nikachekecha unga wake kwa kitambaa, nikachanganya na gundi. Nikapaka kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, laini, pote sawasawa. Nililipenda, jamani. Nikaliweka miguuni pa baba, nikasimama kando roho juu.

Alilitazama weee. Kisha akasema, "Mama, hapa umesiriba nyumba."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Sisi wanawake wa huku tunasiriba kuta kwa udongo mwekundu tangu usichana, na mkono wangu ulikuwa umefanya ulichozoea. Niliona aibu kidogo, lakini furaha iliifukuza. Baba alikuwa amesema.

"Sasa kutu inakaaje?" nikamuuliza haraka, asije akanyamaza tena.

"Inafuata maji." Akashuka kibarazani, akachuchumaa karibu yangu. "Mvua inateremka kutoka juu, inatuama hapa chini ya mlango. Hapa ndipo panapoliwa kwanza. Huku ubavuni inachuruzika michirizi tu. Osha hii rangi yako, ulete msasa, chumvi na ndimu."

Tukakwaruza bati pale alipoonyesha, tukapaka maji ya chumvi na ndimu, tukaliacha nje lipigwe na umande. Wewe, kutu ikaanza kuota yenyewe! Kila kulipokucha namkuta baba ameshanitangulia uani, ameinama, ananiita nije nione ilipofika. Na mdomo ukafunguka. Akanisimulia behewa la chumvi lililotoboka sakafu, masika yaliyozamisha reli, mwenzake aliyekuwa akiimba kila treni ikichelewa. Mimi huku nasaga makaa ya kulipaka masizi, nacheka, uji unaungua jikoni wala sijali.

Siku ya kumalizia nikachovya kipande cha kitambaa kwenye yale makaa, nikataka kupaka kishikio cha pembeni, kale kawaya nilikokapinda karibu na ngazi. Baba akanishika mkono.

"Hapo acha pang'ae," akasema. "Hapo nilikuwa nashika mimi, kila siku."

Nililia, mwanangu. Yeye akacheka, akachukua kona ya shati lake, akaanza kukasugua kale kawaya mpaka kakang'aa.

Basi sikia. Baba yako usimuulize anawaza nini, hatakuambia. Alikuwa dereva, si ndiyo? Mtengenezee lori, na ukikosea usiwe mkaidi. Kaa chini akukosoe, umuulize mvua ilipiga wapi, vumbi lilijaa wapi. Halafu tafuta pale mkono wake uliposhika, na hapo usipake kitu.

Haya, nenda. Mungu akupe subira ya kumsikiliza, ampe baba yako maneno mengi kuliko utakavyoweza kuyabeba. Na wewe ukizeeka, asikosekane mtu wa kukuletea kitu chako miguuni, hata kama amekikosea.