Njia Ambayo Kasisi Aligoma Kuiandika

Saa moja na nusu asubuhi, Glenys Probert anakung'uta tope mlangoni mwa kanisa la Stoke Lanyard, magharibi mwa Uingereza. Tope limempanda hadi magotini. Lori la maziwa ndilo lililomrushia.

"Dereva kaniona, kapiga honi, na bado kanimwagia," anasema huku akitundika koti. "Si mtu mbaya. Barabara yenyewe ndiyo haina pa kukwepea."

Glenys ana miaka sitini na moja. Husafisha kanisa hili siku tatu kwa wiki, kwa pauni kumi na tatu kwa saa, na hana gari. Kwa miaka ishirini na miwili alikatiza shamba kutoka kitongoji cha Dinley anakoishi, mwendo wa dakika kumi na mbili tu. Mwaka jana shamba likapata mwenyewe mpya, naye akalizungushia seng'enge. Tangu hapo Glenys huzunguka kilomita nne kwa barabara ya malori, na goti lake la kushoto limeanza kugoma.

"Nilijiambia, njia isipofunguliwa, kazi naiacha kabla ya Pasaka," anasema. Halafu anageuka upesi na kuanza kupangusa viti.

Wanakijiji walidai kwamba njia hiyo ni ya umma, lakini mwenye shamba alikuwa na ushahidi, tena mzito. Kasisi Josiah Amphlett, aliyehudumu hapa karne ya kumi na nane, aliandika historia ya parokia akaorodhesha humo kila njia, hata ya kupitishia kondoo. Zote ni kumi na moja. Ya Dinley haimo. Wakili wa mwenye shamba akauliza: mtu makini kiasi hicho angeisahauje?

Swali hilo lilimkera Glenys, maana Amphlett anamjua vizuri. Mahubiri ya kasisi huyo yamo sandukuni, katika chumba cha kuvalia majoho, na tangu panya walipoanza kuyatafuna, yeye ndiye anayeyatunza. Kwa miaka sita amekuwa akisoma moja kila anapokunywa chai. Mwandiko ulimsumbua miezi miwili, kisha akauzoea.

"Alikuwa na mdomo huyo!" anacheka. "Kofia za wanawake, dhambi. Kucheza mpira, dhambi. Siku nyingine namwambia, kasisi wangu, hebu nyamaza ninywe chai."

Lakini mtu mwenye mdomo namna hiyo, akawaza, hasahau kitu. Ukiona amenyamaza, ujue ana lake jambo.

Akaanza kuyasoma upya, mahubiri mia tatu na zaidi, majira yote ya baridi. Cyril Beddoes, mwenye baa ya Kengele kule Dinley, hakumwacha apumue.

"Glen, nasikia umeolewa tena. Na marehemu?"

"Afadhali yeye kuliko wewe, Cyril. Yeye mahubiri yake yana mwisho."

Mwezi Februari akayapata aliyoyatafuta. Ni mahubiri ya kuitunza siku ya Bwana. Amphlett analalamika kwamba waumini wake, wazee wa kanisa wakiwemo, hutoroka kabla ya baraka na kukatiza shamba kwenda kunywa bia Dinley. Maneno ya mwisho yalimfanya Glenys aweke kikombe chini: "Njia hiyo mmeikanyaga ninyi na baba zenu hata imechimbika kama mfereji. Nami katika kitabu changu sitaiandika, nisije nikaipa heshima."

Siku ya shauri, katika ukumbi wa kijiji, Glenys aliyasoma kwa sauti mbele ya mkaguzi wa serikali aliyetumwa kuamua kama njia ni ya umma. Watu wakaangua kicheko, na mkaguzi akaomba asomewe tena maneno ya mwisho. Wakili hakucheka.

"Nilimwonea huruma Amphlett," Glenys anasema. "Mwenyewe alitaka njia ife. Mimi nikamsimamisha aitetee."

Jumatatu hii barua ya mkaguzi imefika. Njia ni ya umma, maana watu wameikanyaga tangu kabla ya enzi za kasisi, na seng'enge iondolewe ndani ya siku ishirini na moja. Glenys aliisoma mara mbili, akalia kidogo, kisha akaenda kumalizia kupiga deki.

Sasa ana mipango miwili. Historia ya Amphlett imewekwa ndani ya kabati la kioo, karibu na mlango wa kanisa. Kando yake ataweka kadi kwa mwandiko wake mwenyewe: "Na ya kumi na mbili, ya Dinley."

Mpango wa pili unangoja Jumapili ya kwanza baada ya seng'enge kutoka.

"Nitakaa ibada yote mpaka baraka. Hilo nitamfanyia, maskini. Kisha nitakatiza shamba hadi Kengele, na Cyril atanimiminia glasi mbili za bia, yangu na ya kasisi wangu."

Anachukua ndoo yake, anatabasamu.

"Najua yake ataikataa. Basi nitainywa mimi."