Kidole Kwenye Sarafu ya Fedha

Fundi saa mmoja alipachikwa jina la Bwana Ukingo, kwa sababu kila aliyetaka kugusa sarafu zake za kale aliambiwa naye, "Shika ukingoni." Chumba cha kazi alikitumia pamoja na mkewe, fundi cherehani. Yeye alikaa dirishani na saa zake na trei za sarafu, mke karibu na mlango wa ndani.

Alichokipenda kuliko vyote ni sarafu moja ya fedha iliyoota rangi kwa umri: kijivu katikati, dhahabu pembeni, kisha zambarau na buluu kama shingo ya njiwa. Rangi hiyo haipakwi. Huja yenyewe, na ukiisugua umeiua.

Miezi kadhaa baada ya kuinunua, alama ya kidole gumba ikajitokeza juu yake, ya hudhurungi, kila mstari wazi. Jasho la mkono ndivyo lilivyo: leo halionekani, kesho limeshaila fedha. Bwana Ukingo akamgeukia mkewe, akasema hayo ni mafuta ya cherehani. Mke akakana, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Siku iliyofuata mume akasimamisha ukuta wa mbao katikati ya chumba.

Hawakununiana, la. Walikula pamoja, wakalea watoto, wakazika wazazi. Lakini kwa miaka kumi na miwili mke hakukanyaga upande wa dirishani, na mchana kutwa alishona kwa taa.

Kisha akaja mwalimu mstaafu, bibi mmoja mpenda sarafu. Aliiinamia ile ya fedha na lenzi yake, akauliza mwenye kovu ni nani, maana mistari ya kidole ilikatwa mshazari. Bwana Ukingo akaichukua lenzi, akatazama. Halafu akatazama kidole gumba chake mwenyewe, pale springi ya saa ilipomchana zamani akijifunza kazi.

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

Bwana Ukingo akauzunguka ukuta, akasimama mbele ya mkewe.

"Mke wangu, kile kidole kilikuwa changu."

"Najua. Siku uliyoileta ulikuwa na furaha, ukaizungusha mkononi kama mtoto na gololi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia si mimi. Mengine, nyani haoni kundule." Akamshika mkono. "Lakini niliumia, baba. Usidhani sikuumia."

Mume akamwomba radhi mbele ya mgeni, bila kujitetea. Alitaka kuubomoa ukuta saa ileile. Mke akakataa, kwani ulishabeba rafu zake zote za nyuzi. Wakapatana akate dirisha katika ukuta huo. Mwalimu, ambaye hakuwa na haraka, akashikilia ubao huku msumeno ukienda, na mwanga ukamwagika hadi kwenye cherehani.

Sarafu aliinunua mwalimu. Bwana Ukingo alimpunguzia bei kwa ajili ya ile alama, na mkewe akatoa kichwa kwenye tundu jipya kumwambia amepunguza mno.