Spika za Mikumi na Sauti ya Baba

Baba alikuwa fundi wa reli hapa Kilosa, na mwisho wa wiki aliimba katika bendi ya wafanyakazi wenzake. Hakuwahi kutoa santuri wala kusikika redioni. Kilichobaki ni kanda moja ya kaseti, iliyorekodiwa ukumbini kwao na mtu aliyekuwa na mashine nzuri na mkono mtulivu. Tangu baba afariki, kanda hiyo niliitunza mimi ndani ya kopo la maziwa ya unga, mbali na joto na panya.

Mama alipoanza kupoteza nuru ya macho, akawa anaiulizia. Nilikuwa na redio ndogo ya kaseti tu, na humo baba alitoka kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Mama alisikiliza kidogo, akanishukuru, akaniomba nizime. Siku hiyo niliamua kutafuta vyombo vya kweli. Nauza vitambaa sokoni, si tajiri, lakini watoto wangu wanajitegemea na sina starehe nyingine.

Nilianzia Morogoro mjini, nikisindikizwa na shemeji yangu. Katika duka la kwanza kijana aliniuliza, "Mama, ni za baa au za kukodisha harusini?"

"Za sebuleni," nikamjibu. "Za kusikilizia."

Akawasha sabufa yenye taa za bluu na nyekundu, akaongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Nilipomwomba anipigie kanda yangu alicheka, bila ubaya, akasema siku hizi ni flashi tu. Duka la pili lilikuwa na vyombo vya maana, ila kila nilichouliza mimi, muuzaji alimjibu shemeji. Shemeji wa watu, ambaye muziki kwake ni kitu cha kupatia usingizi, akawa anaitikia kwa kichwa tu. Tulirudi Kilosa mikono mitupu.

Ni mteja wangu wa vitenge aliyeniambia kuna mtu Mikumi, pale barabara kuu, anauza vyombo vya muziki vya zamani kutoka nje. Nikapanda basi nikaenda peke yangu. Duka lilikuwa katikati ya gesti na sehemu ya kuziba pancha. Mwenyewe, mwanamume mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, alisimama nilipoingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akanipa kiti. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza Morogoro: "Unapenda kusikiliza nini?"

Nikamtolea kanda. Aliishika kwa kingo, akasafisha kichwa cha deki yake ya kaseti kwa pamba na spiriti, akaunganisha spika mbili ndefu za mbao, halafu akafunga mlango ili ngurumo za malori zisiingie. Akawasha.

Kabla ya ubeti wa kwanza, nilimsikia baba akivuta pumzi. Pumzi fupi, ya puani, kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alivuta pumzi hivyo. Machozi yalinitoka. Yule muuzaji alipunguza sauti, akageukia rafu zake, akajifanya anapanga nyaya mpaka nilipotulia. Ndipo akasema, "Mzee alikuwa na sauti ya mtu mkweli."

Nilizinunua zile spika, pamoja na deki na amplifaya yake. Aliniomba pia anakili kanda kwenye kompyuta yake. "Kanda hufa, dada," alisema. "Nitakutunzia." Nikakubali kwa furaha, nikampigia mama simu palepale kumwambia nimekutana na mtu muungwana.

Vyombo alivileta mwenyewe Kilosa kwa pikapu. Alimwamkia mama kwa adabu, akala wali wetu, akafunga kila kitu kwa uangalifu. Baba akaimba. Sauti ilikuwa kubwa na safi, lakini aliingia moja kwa moja kwenye wimbo. Ile pumzi haikuwepo.

"Spika zikihamishwa huchukua muda kuzoea chumba," alinieleza. "Halafu kuta zako ni tupu, dada. Zipe muda."

Mama alisema ni nzuri sana. Kwa jinsi alivyolisema haraka, nilijua ananihurumia.

Nilizipa muda. Nilitundika vitenge vya biashara yangu ukutani, nikahamisha kochi, nikasogeza spika huku na huku. Jirani aliuliza kama tuna sherehe. Nilimpigia yule muuzaji simu. Mwanzoni alinielekeza kwa upole, baadaye akawa yuko barabarani kila nikipiga, mwisho hakupokea. Nikaanza kuyashuku masikio yangu. Nilijiambia labda ile pumzi sikuisikia, labda siku ile nilitaka mno kuisikia.

Nikapanda basi tena kwenda Mikumi.

Mlango wa duka ulikuwa umeegeshwa. Nikiwa bado kwenye ngazi, nilisikia pumzi ya baba, kisha baba akaanza kuimba. Nilisimama pale nimeshika nguzo. Niliposogea, nikaona ndani mgeni wa makamo amekaa kwenye kiti nilichokalia mimi. Baadaye nilijua ana hoteli karibu na hifadhi. Zile spika ndefu zilikuwa mbele yake. Yule muuzaji alikuwa amesimama kando, mkono kifuani.

"Huyu ni marehemu baba yangu," alikuwa akisema. "Aliimba na bendi ya reli. Ndiyo maana mimi sifanyi mzaha na vyombo."

Mgeni alitikisa kichwa taratibu, ameguswa.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kusema kuhusu spika. Yote yaliniruka. Nilipiga hodi, nikaingia.

"Karibu mama," muuzaji akasema, kama hajawahi kuniona. Alizima muziki.

"Huyo anayeimba ni baba yangu," nikasema.

Mgeni alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Huyu ni mteja wangu," muuzaji alimwambia, "tuna jambo dogo la kiufundi."

Mgeni alinigeukia. Aliniuliza mimi, kwa heshima, "Mama, jina lake nani, mzee?"

Nikataja jina la baba, na la babu. Kisha akamgeukia muuzaji. "Na wewe, baba yako anaitwa nani?"

Muuzaji akainama kuchomoa waya wa deki. Nadhani angeweza kubuni jina lolote, ila mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Mgeni alichukua kofia yake, akaniambia pole, akaondoka.

Tulipobaki wawili, yule muuzaji hakubisha. Alivuta kiti akakaa.

"Kwako nilipeleka zinazofanana na hizi," alisema. "Sura ni moja, ndani si zenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilidhani hutasikia tofauti, dada. Watu hawasikii. Na wewe ulikuwa umesharidhika tangu siku ile."

"Na baba yangu?"

Akainua mabega. "Ile sauti inauza. Kila anayeisikia anakaa." Alilisema kama sifa, kama vile ningefurahi.

Spika za bandia ningezisahau. Biashara ina mambo yake. Kilichonikata maini ni kukumbuka mgongo wake siku ile, alipogeukia rafu nikilia. Nilikuwa nimeuhesabu mgongo ule kuwa ni utu. Sasa sijui kama alikuwa ananistahi au anaona jinsi bidhaa mpya inavyofanya kazi.

Nilimwambia spika zangu, zile za kweli, zinaondoka siku hiyohiyo. Alizibeba mwenyewe hadi kwenye gari nililokodi. Nakala ya wimbo aliifuta kwenye kompyuta mbele yangu, lakini ni simu ngapi zina wimbo huo, hilo hakulijibu, na mimi sina namna ya kulijua.

Nyumbani niliziunganisha kwa msaada wa shemeji. Baba alivuta pumzi. Mama aliinua kiganja, kama anayemzuia mtu asiongee, akakiacha hewani mpaka wimbo ukaisha.

"Ndiye," alisema. Baadaye akauliza, "Yule kijana aliyetuuzia, ulimshukuru?"

Nikasema nimemshukuru. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Tangu hapo, kila akimaliza sala zake, mama humwombea heri kijana wa Mikumi, Mungu ampe maisha marefu na wateja wengi. Mimi hukaa kando yake nikiitikia amina.