Upande wa Chini wa Uwanja

Uwanja wetu pale Mbinga umeinama. Haukuinama kwa urefu, kwamba timu moja ipande na nyingine iteremke. Umeinama kwa upana. Mstari wa juu unapakana na barabara, mstari wa chini unapakana na mibuni ya watu, na katikati ardhi inashuka kidogo kidogo, kiasi ambacho mgeni hakioni mpaka auweke mpira chini na kuuona ukiondoka wenyewe. Timu za Kitai, ambazo kwao ni tambarare, zilikuwa zikija kwetu na kumaliza kipindi cha kwanza zikiokota mpira kwenye kahawa.

Nilianza kuifundisha timu ya mtaa katika uwanja huo nikiwa mwalimu wa sekondari. Nimestaafu ualimu, timu bado ninayo. Kila aliyepita kwangu nilimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: pasi ya chini usimpigie mtu miguuni, piga juu yake. Ukimlenga yeye mwenyewe, mpira utashuka na kumpita. Lenga hatua chache upande wa barabara, mlima utamletea. "Lenga juu!" ndiyo kelele yangu, tangu mechi inaanza mpaka inakwisha. Huwa nasimama upande wa barabara, wanakosimama watazamaji wote. Upande wa chini hasimami mtu, maana ukirudi nyuma kidogo umeshakanyaga shamba la mwenzio.

Kijana ninayetaka kumweleza alitoka ziwani. Alipanda kwetu kusoma, akakaa kwa shangazi yake. Alikuwa mwembamba, mpole, na siku za baridi alikuja mazoezini amejifunga kanga ya shangazi shingoni, wenzake wakamcheka. Mpira ulipofika miguuni mwake walinyamaza. Nilimweka winga, upande wa chini, na kila baada ya mapumziko nilimhamisha ng'ambo ya pili ili abaki huko huko chini, kwa sababu yeye peke yake aliweza kuuzuia mpira usitoke. Alikuwa anakimbia sambamba na mibuni, na kila mpira ulipoanza kuteleza kwenda nje aliurudisha ndani kwa ubavu wa nje wa kiatu, bila kupunguza mwendo. Pasi zake zote zilikwenda juu ya mtu, na mlima ukazishusha mahali pake. Nikasema moyoni: huyu amenisikia.

Aliondoka kwenda Songea, kutoka Songea akachukuliwa na timu ya ligi kuu mjini Dar es Salaam. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga akiwa na begi lililokatika mkanda. Mke wangu alimshonea pale pale barazani, naye akasubiri amekaa kwenye ngazi. Mwaka uliofuata mke wangu alifariki. Watoto wetu wako mbali, kila mmoja na kazi yake, na wananipigia simu Jumapili baada ya misa. Siku nyingine za wiki nyumba ilikuwa na sauti ya jokofu tu.

Ndipo nikaanza kwenda kuangalia mpira dukani kwa mzee wa vifaa vya ujenzi. Ukoo wake ulitoka Kilwa zamani, lakini yeye amezaliwa Mbinga na anaogopa baridi kuliko mgeni yeyote. Runinga yake iko kwenye rafu, katikati ya makopo ya rangi, na sisi wateja wa mpira tunakaa juu ya mifuko ya saruji. Mwenzetu wa kila siku ni wakala wa mabasi, kijana wa Kimatengo mwenye sauti ya stendi. Hao wawili walikuwa na ubishi mmoja usiokwisha. Mzee alisema mpira ni kipaji. Wakala alisema mpira ni kocha.

"Mzee, chukua basi jipya kabisa," wakala alisema siku moja. "Mpe dereva mbovu. Linakuja kulala korongoni."

"Na dereva hodari nikimpa toroli?"

"Atafika nalo!"

"Atafika Krismasi. Mwalimu, hebu mwambie huyu. Yule kijana wako wa ziwani, ulimfundisha au alikuja nacho?"

"Kafundishwa huyo!" wakala alidakia. "Unadhani mwalimu alikuwa anapigwa na mvua pale kwa raha zake?"

Wote wawili walinitazama. Nilisema tuangalie mpira. Lakini jibu nililitaka kuliko wao. Kwao ulikuwa mchezo wa kupitisha jioni. Mimi nilikuwa nimebaki na vitu vichache vya kujivunia, na kijana yule alikuwa mmojawapo.

Kumfuata mchezaji mmoja kwenye runinga ni kazi ya upweke. Kamera inafuata mpira, haimfuati yeye. Nilikuwa naukodolea macho ukingo wa kioo, nikingoja aingie. Na alipoingia, katika msimu wake wa kwanza, niliona kitu ambacho mtangazaji hakukiona. Pasi zake zilikosea, na zilikosea kwa namna moja. Kila alipokuwa karibu na mstari, mpira wake ulipita hatua chache upande wa ndani wa mshambuliaji na kuishia kwa beki. Mtangazaji alisema hana utulivu.

"Mwanafunzi wako anawapasia majini," mzee alisema. "Pale pana mtu? Hapana mtu."

Nilicheka pamoja nao. Mimi nilijua anampasia nani. Alikuwa anaupasia mlima wetu. Alikuwa anapiga juu ya mtu, akingoja ardhi ya Dar es Salaam iurudishe mpira, na ardhi ya kule imelala kama meza. Nisiseme uongo: niliona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha. Mbele ya nchi nzima, katika kiatu cha mtu anayelipwa kucheza, kulikuwa na neno langu.

Nilimtumia ujumbe kwa simu: huko ni tambarare, mlenge mtu mwenyewe. Haukujibiwa. Labda alikuwa amebadilisha namba. Akawekwa benchi, na kwa muda mrefu nilikwenda dukani kuangalia ukingo wa kioo ambako hakuwa akiingia.

Kisha timu yake ikapata kocha mpya, mgeni kutoka nje, mtu wa maneno machache kwenye mahojiano. Kijana akarudi uwanjani. Siku hiyo, nadhani ilikuwa kabla ya mapumziko, alipokea mpira karibu na mstari, akainua kichwa, akaupiga ukaenda moja kwa moja miguuni mwa mshambuliaji. Bao. Wakala aliruka juu ya saruji akapasua mfuko.

"Kocha huyo! Nimesema nini? Kocha!"

"Kipaji kimeamka kilipokuwa kimelala," mzee alisema. "Na saruji hiyo utailipa."

Nilipiga makofi kama wengine. Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu, nikakaa barazani. Kocha yule alikuwa amefanya kazi nzuri, na kazi yenyewe ilikuwa kunifuta mimi. Tangu siku hiyo sikuona tena pasi iliyokosea kwa namna yetu.

Ligi iliposimama tulisikia kijana yuko kwao. Nilipanda basi asubuhi kwenda Mbamba Bay. Sikujua hasa nakwenda kumuuliza nini. Milima inapokwisha na ziwa likafunguka chini, abiria wote huvua masweta kwa pamoja, nami nikavua langu.

Nyumbani nilimkuta bibi yake, ndiye aliyemlea, akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, juu ya kichanja. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi.

"Mwalimu wa Mbinga! Karibu, baba. Umetuletea baridi yenu?"

"Nimeiacha Mbinga, mama. Yule bwana yuko wapi?"

"Yuko ufukweni na wenzake. Wapi kwingine? Huyo tangu ameanza kutembea yuko hapo hapo." Alinionyesha kwa kidevu. "Na mpira wenyewe ulikuwa wa kuazima. Mwenye mpira akasema, atakayeuingiza majini ataufuata mwenyewe, na upepo ukiuchukua basi hachezi tena. Huyu wangu alikuwa anaogopa maji kama paka. Basi akajizoesha. Anakimbia na maji ubavuni, na mpira anausukuma nchi kavu, nchi kavu, nchi kavu. Wenzake wanamwita kaa, maana alikuwa anakimbia kama amepinda."

"Alianza hivyo lini, mama?"

"Nimekwambia. Hajaanza hata shule."

Nilimshukuru nikateremka ufukweni. Kwa mbali nilimwona, mtu mzima sasa, mabega yamejaa. Walikuwa wakicheza watu wa rika lake, wengine na suruali zimekunjwa. Maji yalikuwa upande wake. Mpira uliteleza kuelekea kwenye mawimbi, naye akaurudisha ndani kwa ubavu wa nje wa mguu, bila kupunguza mwendo. Ulikuwa ule ule mguu niliouona kwenye mibuni. Nilisimama kwenye mchanga na viatu vyangu vya ngozi, nikatazama kazi niliyodhani ni yangu.

Aliponiona aliacha mchezo akaja mbio.

"Shikamoo Mwalimu! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Namba yako haipatikani."

"Simu iliibwa siku nyingi, Mwalimu. Nisamehe." Aliuliza habari ya mke wangu. Nilipomwambia, aliinama, akachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu. "Lile begi bado ninalo," alisema. "Mkanda haujakatika tena."

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamuuliza habari za kocha, akanieleza kwa furaha jinsi alivyomkalisha mbele ya picha za video na kumwonyesha pasi zake moja moja, bila kumgombeza. Nikangoja. Kisha nikauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kama kuinama kwa uwanja wetu kulimsumbua alipofika Dar es Salaam.

"Uwanja gani?"

"Wetu. Wa Mbinga."

"Umeinama?" Alinitazama kuona kama namtania. "Mimi nilijua upande wa kahawa mpira unapenda kutoka tu. Nilikuwa najiambia, huku ndiko majini."

"Nilikuwa nawaambia mlenge juu."

"Labda wenzangu," alisema. Akafikiri, halafu uso wake ukafunguka, akaniambia kwa upendo wote: "Wewe, Mwalimu, mimi hukuwa unaniambia kitu. Ndiyo maana nilikupenda. Makocha wa Songea walikuwa wanapiga kelele mpaka miguu inasahau. Wewe ulikuwa unaniweka kule chini, halafu unaniacha."

Sikumsahihisha. Wenzake walimwita, "Kaa! Unakuja au umeshakuwa bosi?" naye akainuka, akaahidi kunisindikiza kituoni, na kweli alinisindikiza, akaninunulia na samaki wa kukaanga wa njiani.

Jumamosi iliyofuata dukani, wakala aliniuliza mbele ya wote: "Haya Mwalimu, umetoka kwa mwenyewe. Kocha au kipaji?"

Nilimwambia kwanza aje uwanjani, nina jambo nataka kulihakikisha. Tulikwenda kabla ya mazoezi, pakiwa hakuna mtu. Nilimsimamisha mahali pangu, kando ya barabara, nikamwambia apige kelele kwa nguvu zake zote za stendi, neno lolote, na arudie rudie. Mimi nikateremka mpaka mstari wa chini, nikasimama na mgongo kwenye mibuni.

Sikuwa nimewahi kusimama pale miaka yote hiyo. Kumepoa, na majani yananong'ona karibu na sikio. Juu lori lilikuwa linabadilisha gia kwenye mlima, na nyuma yake pikipiki. Ukitazama kutoka chini, watu wa barabarani ni wadogo na wamesimama angani. Nilimwona wakala akifumbata mikono mdomoni. Nilimwona akijikunja tumbo kwa juhudi. Kilichonifikia kilikuwa sauti ya mtu tu, kama mtu anayeita mbuzi shamba la mbali. Lori lilipopita nilisikiliza tena. Neno halikufika.

Alipochoka alinyoosha mikono, kuniuliza kama nimesikia. Nilimpungia mkono tu, akadhani ndiyo, akaenda zake kuwahi basi.

Vijana wangu wa sasa walipokuja, nilibaki huku huku chini. Winga wangu, ambaye hajazoea kuwa na mtu karibu, alinitazama mara mbili kabla ya kuanza kukimbia. Mpira ukaanza kuteleza kuja kwetu. Nilifungua mdomo, kisha nikaufumba, nikamwona anavyohangaika nao peke yake, mpaka ukampita ukaingia kwenye kahawa.

Nikaenda kumwokotea.