Barua ya Mwanachama Mwenye Uchungu

Kwa miaka kumi na minane, mtu akitaka kujua lolote kuhusu tawi la chama la mtaa ule, hakwenda ofisini. Alikwenda kwa kinyozi. Duka lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu ukutani, na benchi la watu watano ambalo Jumamosi lilibeba wanane. Hapo ndipo wagombea walipopimwa, viongozi wakasengenywa, na fomu za uanachama zikajazwa huku nywele zikidondoka sakafuni. Katibu wa tawi alimbandika jina la Injini. "Bila Injini, tawi hili haliwaki," alikuwa akisema, na kinyozi alijifanya hakusikia ili lirudiwe.

Hata shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliingia chamani kupitia kiti kile. Alikuwa fundi umeme mwenye karakana ng'ambo ya barabara, kijana wa maneno machache na mikono isiyotulia. "Mimi na siasa wapi na wapi, shemeji," alisema siku ile, kidevu kikiwa kimejaa povu. Kinyozi akamnoa kwa maneno mpaka ndevu zikaisha, akamjazia fomu kwa mkono wake mwenyewe, na penye nafasi ya mdhamini akatia sahihi. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Kisha ukaja mchujo.

Diwani aliyekuwa madarakani alitaka kurudi. Safari hii akajitokeza muuguzi wa zahanati, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, naye akachukua fomu. Kinyozi alisimama na Diwani. Si kwamba alimwona hodari. Barabara ilikuwa na mashimo yale yale, naye aliyajua yote kwa miguu yake. Lakini alikuwa ameanza na Diwani, amemnyoa kabla ya kila mkutano, na kumwacha aliona kama kuitupa miaka yake yote kumi na minane jalalani.

Shemeji akasimama na Sista. Hakuaga wala hakueleza. Siku moja tu alifunga spika kwenye baraza ya karakana, akaweka viti vya plastiki, na kufikia wiki ya pili baraza ilikuwa imejaa.

Kioo cha kinyozi kilitazamana na mlango, kwa hiyo kila aliponyanyua macho aliiona ile baraza yote. Akamwona fundi viatu, rafiki yake wa siku nyingi, amekaa kule amekunja nne. Akamwona mama wa mboga. Aliona vichwa vilivyonyolewa vizuri, na hakuvinyoa yeye. Roho ikamuuma mpaka akawa anajiuliza: kichwa kile kimenyolewa wapi? Walipoangua kicheko, mkono wake ulisimama. Wanamcheka nani? Siku moja alimchonga mteja nywele za juu ya paji la uso upande upande kwa sababu macho yake yalikuwa barabarani. Mteja akajitazama, akasema, "Injini, leo umeninyoa au umenigawa?"

Mkewe aliliona jambo lile mapema. "Baba watoto, yule ni mdogo wangu, si mke mwenzangu," alimwambia. "Mbona unamchungulia hivyo?"

"Namchungulia nani? Nafanya kazi."

Siku ya mchujo hapakuwa na karatasi. Wanachama walipanga mstari nyuma ya mgombea wao kwenye uwanja wa shule, katibu akapita akihesabu kwa kuwagusa mabega. Kinyozi alisimama wa kwanza nyuma ya Diwani. Alipogeuka kuwatazama wenzake aliona mkia mfupi, na ng'ambo aliona nyuso za benchi lake, moja moja, zikikwepa macho yake. Sista alishinda kwa tofauti ya watu thelathini na mmoja. Shemeji alibebwa juu juu, na katibu, yule yule, akashika kipaza sauti akasema, "Jamani, huyu ndiye injini ya tawi letu!"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya kinyozi. Kura angeweza kuzimeza. Lile jina lilimkwama.

Kesho yake alimkuta Diwani sokoni akipiga picha na Sista, wameshikana mikono. Diwani alikuwa ameshaingizwa kwenye kamati ya kampeni ya Sista, na hakuna aliyepita dukani kumwambia kinyozi hata neno moja. Alirudi, akafunga mlango mchana kweupe, akaandika barua kwa kamati ya tawi. Aliandika kwamba kadi ya fundi umeme haikufuata utaratibu, na kwamba ichunguzwe. Chini akatia: "Mwanachama mwenye uchungu." Akaisukuma chini ya mlango wa ofisi.

Shemeji alisimamishwa uanachama mpaka kikao cha Jumamosi. Baraza ikapoa. Kwa siku tatu kinyozi alikula akashiba, akanyoa huku akipiga mluzi, na kila alipoviona vile viti vya plastiki vikiwa vitupu alihisi utamu ambao hakuweza kumsimulia mtu yeyote.

Ijumaa mlango ukafunguliwa, shemeji akaingia. Akakaa kwenye kiti bila kuulizwa.

"Ninyoe vizuri, shemeji. Kesho nasimama mbele ya watu."

Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni.

"Wanasema kadi yangu ni ya bandia," shemeji aliendelea. "Nimewaambia mdhamini wangu yupo hai, ana duka. Utakuja useme, sivyo? Wewe ndiye uliyenijazia ile fomu."

Wembe ulikuwa umefika chini ya sikio. Kinyozi akauinua. "Miezi mitano hujakanyaga hapa," alisema. "Leo una shida ndio umenikumbuka?"

"Nilikanyaga. Nilikuja mara mbili, nikakusalimia, ukageukia ukutani. Nikasema huyu hanitaki."

Kinyozi alikumbuka mara zote mbili. Alimaliza kunyoa, akampaka spiriti, akamfuta nywele za kwenye kola moja baada ya nyingine kama mtu anayechelewesha safari. "Nitakuja," alisema mwishowe.

Jumamosi ofisi ilijaa mpaka madirishani. Katibu alisoma barua, akauliza kama mwandishi yumo humu. Kinyozi alisimama.

"Kadi ni halali. Fomu niliijaza mimi, na barua hiyo niliandika mimi, nikijua kabisa kwamba ni halali."

"Sasa uliandika kwa nini?" katibu aliuliza.

Alitafuta neno la heshima, la kanuni au la utaratibu, asilipate. "Wivu," alisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaona wengine hawacheki, akanyamaza. Mkewe, aliyekuwa amesimama dirishani, aliinamisha kichwa. Shemeji alimtazama kinyozi kwa muda mrefu, halafu akatazama mikono yake mwenyewe. Kamati ilimpa kinyozi onyo kali na kumwondoa kwenye nafasi ya mjumbe wa tawi aliyoishika miaka yote. Hakuna aliyemtetea, wala yeye hakutarajia.

Nyumbani mkewe alimwekea chakula bila kusema naye kwa siku tisa. Shemeji hakuja dukani. Baraza ilijaa tena, na wivu, ambao kinyozi alidhani angeuacha pale ofisini kwa kuutaja, ulirudi naye nyumbani kama kawaida. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa aliujua kwa jina.

Siku ya uchaguzi mkuu alimpigia Sista kura, kwa roho nzito, na hakumwambia mtu. Sista alishinda.

Mkutano wa kwanza baada ya ushindi, kinyozi alikwenda kama mwanachama wa kawaida, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Miaka yote hakuwahi kukaa huko. Sista alizungumza, watu wa mbele wakapiga makofi, naye hakuambulia neno.

"Amesema nini?" alimuuliza mzee mfinyanzi aliyekaa kando yake.

"Huku hatusikii," mfinyanzi alijibu bila kinyongo. "Huu mwaka wangu wa tisa. Wakinyoosha mikono, nasi tunanyoosha."

"Na hamkuwahi kusema?"

"Tumwambie nani? Waliokuwa mbele ni nyinyi."

Kinyozi akasimama, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyopanga: "Sista! Huku nyuma hatusikii!"

Vichwa vikageuka. Sista akanyamaza. Shemeji aliinuka kutoka safu ya mbele, akaishika spika, akaizungusha ikaelekea mlangoni, akarudi kukaa bila kumtazama.

"Mnasikia sasa?" Sista aliuliza.

"Tunasikia," mfinyanzi aliitikia, akitabasamu. Kinyozi naye aliitikia. Bado alitamani mkono ulioizungusha ile spika ungekuwa wake.