Sadaka ya Mama kwenye Taarabu

Kanisani kwetu Gesima, watu wakiinuka kwenda mbele na noti mkononi, mama yangu habaki kwenye benchi. Tabia hiyo alikuja nayo Mombasa, ninakofundisha, siku jirani yangu alipotualika taarabu ya harusi ya bintiye, wanawake peke yao.

Mwimbaji alikuwa kwenye ubeti wa mwizi wa waume za watu. Mama hayajui mafumbo ya huku. Aliona tu wanawake wakienda kumtunza mwimbaji kwa noti, akafungua kitambaa chake, akatoa noti, akaenda. Hakujua kwamba anayetunza kwenye ubeti huwa anautuma kwa mbaya wake. Akirudi, alimwona mama mmoja ameketi mbele bila kutoa kitu. Akamtabasamia, akamwonyesha mwimbaji kwa mkono, kama shemasi anavyomkaribisha mgeni.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Yule mama aliinuka, akautunza ubeti uliofuata huku akimkazia mama macho. Ulikuwa unawasema vizee wasiokubali kuzeeka. Mama alifurahi kuona amemgusa mtu, akarudi mbele tena. Nilimvuta gauni. Aliniambia nisimzuie mtu kubarikiwa.

Walishindana hivyo mpaka kitambaa kikabaki kitupu.

Siku hizi, kila Sabato, mama humwombea yule dada wa Mombasa mwenye moyo wa kutoa. Jirani yangu ananiambia mume wa huyo dada bado anaulizwa na mkewe alimjulia wapi mama yangu.